Jalada la Kinyonga

Rangi, mtani wangu, mchafu wa kucha mpaka kaburini,

Mimi mzima. Hali yako siiulizi, maana nasikia huko uliko hakuna kubishana, na najua hilo linakutesa kuliko kifua kilichokuua. Naandika kwa penseli ili nikikosea nifute. Mwandiko usiucheke. Kwenye kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza, nilikuwa namaliza ubao mzima wenzangu bado wanatafuta miwani, na walio hai wanaijua habari hiyo ingawa siku hizi wanajifanya wamesahau.

Jambo lenyewe ni daftari letu. Lile kubwa la kaunta, lenye gamba jekundu, ulilochora kinyonga na lori la ndizi kwa rangi zilizobaki kwenye makopo yako. Binti yako Zuhura anataka litoke liwe kitabu, na kitabu chenyewe hakina karatasi, kinakaa ndani ya simu. Na juu ya kitabu hicho lazima liandikwe jina la mwenye hadithi. Hapo ndipo nilipokwama. Shahidi wa hadithi ile ulikuwa wewe peke yako, nawe umejifia zako.

Nianze na namna daftari lilivyofika kwangu, usije ukajifanya huna habari. Siku tunakuzika nilifanya yote yanayompasa mtani. Nilivaa shati lako la kazi, lile lililoganda rangi mgongoni, nikatembea mbele ya jeneza nikichechemea kama wewe, napiga kelele, "Mbona mnanisukuma? Bango langu halijakauka!" Wanawake walikuwa wanalia, wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Hakuna mtani katika Mkuyuni nzima anayeweza kumwigiza marehemu kama mimi, na siku ile nilijipita mwenyewe. Kisha nikaingia chumbani kwako nikatoka na daftari kwapani. Mpwa wako mkubwa, mwenye ukoo, akasema mbele ya watu, "Mtani kachukua chake, asiguswe." Basi. Kilichochukuliwa kwa utani msibani hakidaiwi, hata mtoto anajua.

Nikapanda nalo mlimani. Njiani nililia peke yangu. Hilo usimwambie mtu.

Masika matatu nimekaa nalo. Nimelifunga kwenye nailoni, nikaliweka darini juu ya jiko, pakavu, moshi unafukuza mende. Na kila siku ya gulio nalishusha, nalifungua pale kwenye banda la wanunuzi wa ndizi, nawasomea watu hadithi ya kinyonga. Wanakaa kimya, Rangi. Hata wale wanaopigiwa honi na madereva wanakaa kimya. Wakiuliza nani katunga, nasema mimi. Wakiuliza nani kachora, nasema mtani wangu mmoja wa mjini, alikuwa anachora tu. Hilo liache hapo kwanza, nitalirudia.

Zuhura alikuja wakati wa likizo. Bado anafundisha shule ya msingi kule Mzumbe. Amenenepa, amefanana na mama yake, uso wako haukumpata hata kidogo, bahati yake. Akapiga goti uani, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Akaweka sukari mezani, kilo mbili. Mtu akija na sukari kilo moja ni adabu. Ya pili mimi huwa najiuliza ni ya nini.

Akasema, "Baba, darasani kwangu watoto ni wengi, vitabu vya hadithi unaweza kuvibeba kwa mkono mmoja. Nakumbuka baba alivyokuwa ananionyesha kinyonga. Nilimpelekea mchapishaji mmoja habari zake, akasema kuchapa picha za rangi ni ghali, labda tufanye nyeusi na nyeupe."

Kinyonga! Mweusi na mweupe! Nilikubaliana naye kuwa yule ni mjinga. Lakini akaendelea, "Kwa hiyo nataka tukitoe wenyewe, kwenye mtandao. Kwenye simu rangi ni bure."

Neno bure likanikaa vibaya. Tangu enzi za ruksa nimejifunza, neno hilo likisemwa nashika mfuko.

Unaikumbuka ruksa ilivyoingia. Kabla yake mabango ya mji mzima ungeyahesabu kwa vidole, na wewe ulikuwa unakoroga chokaa na gundi ili kupata nyeupe. Mara tukasikia ruksa, kila mtu auze atakacho. Kila mwenye dirisha akafungua duka, kila mwenye kiti akafungua saluni. Makopo ya rangi yakajaa madukani, ukawa unatembea nayo barabarani kama bwana harusi. Bucha, hoteli, fundi redio, nguo za mitumba, wote uliwaandikia wewe. Mimi herufi kubwa nilizijulia kwenye mabango yako hata kabla ya kisomo, na hilo nalo sijawahi kumwambia mtu. Pale Mkuyuni ulimchora ng'ombe wa bucha anacheka. Nikakuuliza, "Mtani, huyu anacheka nini na kisu kiko nyuma yake?" Ukasema, "Anacheka kofia yako."

Halafu ruksa ileile ikaleta mashine. Yakaja mabango ya plastiki, yanatoka marefu kama jora la kitambaa, picha ya mtu ina meno mengi kuliko mtu mwenyewe. Wateja wakakukimbia mmoja mmoja. Nilikukuta barazani kwako brashi zimekaukia koponi, ukaniambia, "Mtani, mashine haichechemei." Siku ile sikukutania.

Sasa niambie wewe. Mashine imeua kazi yako, halafu mtoto wako mwenyewe anakuja na mashine anataka daftari. Ningelitoa vivi hivi?

Nikamhoji. Kitabu kisicho na karatasi mtu anakiazimaje? Simu ikizima, hadithi inakwenda wapi? Akasema inahifadhiwa kwenye wingu. Rangi, mimi nimezaliwa ndani ya wingu. Kila asubuhi linaingia mlangoni kwangu bila hodi, na sijaliona likihifadhi kitu zaidi ya kuozesha maharage. Akasema tukishamaliza kukitengeneza atakipakia. Nikauliza, kwenye lori la nani? Mke wangu, Mama Hadija, akatoa kichwa jikoni, "We mzee, mwache mwenzio aeleze. Unamhoji kama bwana misitu aliyekamata mkaa."

Tukapatana hivi: picha apige, lakini daftari lisitoke mikononi mwangu. Nikakaa uani, kivulini, alisema kwenye jua kali rangi zinang'aa zikapotea. Nikafungua ukurasa mmoja mmoja, kila mmoja nimeushika kwa dole gumba. Akapiga zote. Kisha akazitazama akaguna.

"Baba, kila ukurasa una dole gumba lako."

"Ndiyo. Muhuri wangu huo."

"Limefunika gurudumu la lori."

Nikalisogeza. Likafunika mkia wa kinyonga. Mama Hadija akacheka huko jikoni mpaka akapaliwa na moshi, akasema kitabu kiitwe Kinyonga na Mzee Asiyeachia. Mwisho tukaweka kokoto nne kwenye pembe za ukurasa, mimi nimekaa pembeni nimeshika uzi wa daftari. Akaniambia hiyo ni kazi ya kwanza tu. Atasafisha madoa ya utomvu wa ndizi, atapunguza uzito wa picha ili kitabu kifunguke hata kwenye simu za bei rahisi bila kumaliza bando la mzazi, maneno atayaandika upya kwa herufi kubwa chini ya kila picha. Alivyokuwa anaeleza, mikono inakwenda kama yako ukipima ukuta. Nilitaka kumwamini pale. Nikajizuia.

Maana baada ya hapo akaanza maswali, na kila jibu anaingiza kwenye simu.

"Hadithi aliitunga nani?"

"Mimi. Baba yako alichora tu."

"Na daftari lilifikaje kwako, baba? Siku ya msiba yenyewe? Mimi nilikuwa na akina mama, sikuona. Nani walikuwepo?"

Nikamjibu, lakini nikamuuliza anaandika ya nini. Akasema, "Kumbukumbu, baba. Watu hupenda kujua." Watu gani hao? Akaondoka na picha zake, akaniachia sukari yake na wasiwasi.

Nimeuwaza wasiwasi ule kama mtu mwenye akili, na mimi akili ninayo. Utani wetu ni wa lukolo kwa lukolo, ukoo wako na wangu. Wapwa zako ndio wa ukoo wako, mikono yao imefungwa, hawawezi kudai nilichochukua msibani. Lakini kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama, na Zuhura ni wa ukoo wa mama yake! Yeye si mtani wangu. Ndiyo maana hata kumtania siwezi, naongea naye kwa adabu kama mkwe. Kwa hiyo utani haumzuii. Anaweza kwenda popote akasema mzee mmoja wa mlimani alichukua mali ya marehemu baba yangu, mashahidi ni hawa, siku ni hii. Na majibu yote nimempa mwenyewe, kwa kinywa changu, nakunywa chai yenye sukari yake.

Zikapita wiki kadhaa. Siku moja simu ya Mama Hadija ikalia. Zuhura. Sauti imechangamka.

"Baba, jalada tayari! Nimelifungua tangu Jumatatu, jina lako limo, kila kitu kimo. Njoo ulione kabla sijalipeleka."

Mimi nimeishi miaka yote hii sijawahi kufunguliwa jalada. Sijawahi kukanyaga kituo cha polisi hata kwa kusindikiza mtu. Na sasa, uzeeni, jalada, na limefunguliwa na mtoto niliyemwona anatambaa, na anacheka!

Nikaenda kwa Balozi Seleki. Unamjua, alikuwa balozi wa nyumba kumi, mpaka leo anatembea na muhuri uliokauka wino. Akafumba macho, akasema, "Athumani, jalada likishafunguliwa usikane wala usikubali. Sema utajibu kwa maandishi. Nami nitakuwepo." Tukaondoka asubuhi, mimi nimevaa kanzu, Balozi kavaa koti la mikutano. Daftari nililifunga tumboni ndani ya kanzu, kwa kitenge cha Mama Hadija. Kama wanalitaka wanipasue.

Tulipofika Mzumbe, Zuhura akatupokea vizuri, akanitazama, "Baba, umenenepa." Nikalishika daftari tumboni. Balozi akabaki wima, akakohoa.

"Binti, tumekuja kwa ajili ya jalada. Mlalamikaji ni nani?"

"Mlalamikaji?"

"Aliyelifungua."

"Nimelifungua mimi mwenyewe, mzee. Siku tatu nimelishughulikia, macho yananiuma."

"Na kosa lenyewe?"

"Labda rangi ya nyuma, naona imezidi kidogo."

Balozi akanigeukia, akaninong'oneza kwamba huyu mtoto ni hatari, anajibu kama wakili. Mimi nikatoa sauti, nikasema kilichochukuliwa kwa utani hakidaiwi na nitajibu kwa maandishi. Zuhura akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaelewa. Rangi, binti yako alicheka akakaa chini sakafuni, mwalimu mzima, anapiga zulia kwa kiganja. Alipoweza kusema akageuza kompyuta yake upande wangu.

"Jalada, baba. Gamba la kitabu! Hili hapa."

Miaka yote mimi naliita gamba. Nani kawaambia waliite kama kesi?

Basi nikaliona. Kinyonga wetu kakaa juu ya mikungu ya ndizi, lori linateremka, milima nyuma ya bluu ileile uliyobakiza ulipoandika bango la zahanati. Na herufi ni zako. Nilizijua kabla sijazisoma, ile K yenye mguu mrefu. Zuhura kasema kwamba kwa fundi baiskeli mmoja mjini bango lako bado limesimama, akalipiga picha, akazikata herufi moja moja na zilizokosekana akazichora kwa kufuata zile. Nikasoma kwa sauti, bila miwani: KINYONGA NA LORI LA NDIZI. Chini yake, Hadithi: Athumani Mgaza. Chini zaidi, Picha: Ramadhani Kibwana.

Jina langu lilikuwa juu. Hakuna aliyeniibia. Balozi akanipa mkono, akauliza kama kuna nafasi ya kuandika shahidi.

Ningefurahi, unanijua. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Nikamwambia Zuhura asome yote, kutoka mwanzo, nione kama maneno yamekaa. Akasoma vizuri sana, sauti ya darasani. Akafika ukurasa alioandika mwenyewe kuhusu sisi wawili. Akasoma: "Baba yangu alikuwa mchoraji tu. Hadithi hii ilitungwa na rafiki yake."

Tu.

Neno lile nimelisema mimi gulioni miaka mitatu na halijawahi kuniuma. Siku ile lilitoka kinywani mwa mtoto wako. Analisoma taratibu, hana kinyongo, ameliamini kwa sababu nimemwambia mimi.

Akafunua picha ya mwisho, akasema, "Na huyu wa mwisho baba hakuwahi kumpaka, aliacha penseli tupu. Nimemmalizia mimi." Nikatazama. Kinyonga wa mwisho, yule wa ukutani, kapakwa kijani. Kijani cha mashine, kinameta kama sabuni.

Rangi, unajua na mimi najua. Mimi nilitunga kinyonga wa mlimani, anayejisifu kwa kila mnyama kwamba hakuna rangi inayomshinda. Huyo ni wangu, nitamtetea mpaka nife. Lakini baada ya hapo nilikwama. Alikaa juu ya jani la mgomba, hana pa kwenda, na mimi najifanya nafikiri. Mvua ilikuwa imetufungia bandani siku ya gulio, wewe unakwangua makopo. Ukasema, "Mtani, huyu kakaa kama wewe, anajisifu tu. Mpandishe lori." Ukampandisha. Ukamfikisha mjini siku maduka yote yanapakwa rangi mpya, akageuka bucha, akageuka saluni, akageuka duka la mitumba lenye rangi kumi na mbili kwa mara moja mpaka akazimia. Nilicheka nikaangusha kahawa. Sikuongeza hata neno. Na mwisho ukamweka kwenye ukuta ambao haujapakwa, ukamchora kwa penseli, ukaacha. Nikakutania, "Umeishiwa, masikini wewe!" Ukasema, "Hapa amechoka kuigiza. Mwache." Ukaanza kuosha brashi.

Nikamwambia Zuhura, "Mfute huyo kijani."

"Kwa nini, baba? Si hakumaliza?"

Balozi alikuwa ananiangalia. Wewe unamjua Seleki, kinywa chake hakina kufuli. Nikisema pale, kabla hatujamaliza kupanda mlima Mkuyuni nzima ina habari, na mimi miaka mitatu nimesimama bandani na daftari kama imamu na msahafu. Ningeweza kusema ni wazo langu, aachwe hivyo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Zuhura angeliandika.

Nikasema, "Alimaliza. Aliacha hivyo kwa kusudi. Na kuanzia lori mpaka mwisho hadithi ni ya baba yako."

Hakucheka safari hii. Alitoka uani, nikasikia maji yanamwagwa, akarudi kanawa uso. "Kwa hiyo baba alitunga."

"Alitunga."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza nani aliitunga. Hukuuliza nani ana kiasi gani."

Balozi akasema, "Haaa, Athumani!" na akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Zuhura akabonyeza, kijani kikatoka, penseli yako ikarudi, na mistari yake ile uliyoifuta mara mbili karibu na jicho. Akaivuta ikawa kubwa. Akakaa akiiangalia muda mrefu, mimi naangalia kanzu yangu. Kisha akafuta lile neno, nikaona kwa macho yangu likiondoka, akarekebisha sentensi iliyofuata, akarudi kwenye jalada akaandika upya: Hadithi: Athumani Mgaza na Ramadhani Kibwana. Nikauliza, kwa upole, kwa nini jina langu bado limetangulia, maana nilijua wewe ungelalamika. Akasema, "Kwa alfabeti, baba. A iko mwanzo." Sasa hapo usinilaumu. Wazazi wangu ndio walioona mbali.

Akaniuliza kama namruhusu akipeleke. Nikafungua kanzu, nikatoa daftari tumboni, nikalinganisha ukurasa kwa ukurasa na zile za kwenye kompyuta, mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyenihimiza. Nilipata kosa moja, mkungu wa ndizi ulikatwa kidogo pembeni. Akaurekebisha. Nikasema haya. Akabonyeza. Hakikulia kitu, hakukuwa na moshi wala honi. Nikauliza, "Kimeshakwenda?" Akasema kimeshakwenda.

Sijakiamini bado, nisikudanganye. Kila asubuhi namwambia Mama Hadija afungue nihakikishe kama kinyonga yumo, na kama jina lako lipo. Mpaka leo yumo, na jina lipo. Zuhura anasema watoto wake wanasoma kwa zamu, simu moja vichwa saba, na wakifika duka la mitumba wanapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani anakuja. Mzazi mmoja alimwandikia kwamba kinyonga wa mwisho amesahauliwa kupakwa. Zuhura kamjibu hakusahauliwa. Daftari lenyewe liko darini. Hilo halitoki, nililichukua kwa utani na wewe unajua sheria.

Kitu kinachonitia shaka kuliko vyote ni Balozi Seleki. Wiki mbili zimepita na hajasema. Nimepita kijiweni, nimepita msikitini, nimepita kwa muuza sukari, hakuna anayejua. Watu wananiamkia kama zamani, "Mtunzi, hujambo?" Jana nikamfuata Balozi, nikamuuliza ana nia gani. Akasema, "Hiyo si habari yangu, Athumani. Yako hiyo." Akaendelea kumenya muwa.

Unaona alivyonitega? Angesema, ningekuwa nimeshazomewa na yameisha. Sasa ningeweza kunyamaza. Huku mlimani wenye simu za kupangusa ni wachache, nani atasoma majina? Ningeweza kufa nikiitwa mtunzi, na wewe usingeweza kunikanusha.

Kesho ni gulio. Nimeshamwambia Mama Hadija apige pasi kanzu, hajauliza kwa nini. Nitalishusha daftari, nitasimama pale bandani kabla sijafungua ukurasa wa kwanza, nitasema kwa sauti watu wa ndizi na watu wa mdalasini wote wasikie kwamba aliyempandisha kinyonga lori ni Ramadhani Kibwana, na kwamba neno "tu" nililokuwa nalitumia lilikuwa uongo wangu. Watanizomea. Kuna mmoja anauza vitunguu, huyo atanizomea mpaka masika. Nimekuandikia leo ili kesho nisipate mlango wa kutokea, maana ahadi ya mdomo ningeigeuza, najijua, lakini hii nimeiandika na sikuifuta.

Nakuaga, mtani. Lala vizuri, usibishane na majirani zako huko, nao wamechoka. Mola akupe pazuri, na ukuta mweupe.

Mimi mtani wako,
Athumani Mgaza,
mtunzi wa kurasa mbili za mwanzo.